Wimbo wako wa kwanza ni wa taratibu? Uutoe hivi

Vijana wanaokuja studio kwangu hapa Mabatini, Mwanza, wengi wana wimbo wa taratibu mfukoni na wanauficha. Kwanza wananisikilizisha ngoma ya kuchezeka, amapiano ya kuazima, halafu mtu akiwa ameshashika mlango anasema: "Kaka, kuna hiki kingine, ila cha taratibu, hakiwezi kutembea TikTok." Mimi hicho ndicho ninachokitaka.

Nani kasema hakitembei? Mwaka 2021 Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, alisimama na shuka lake akafuatisha kwa midomo wimbo wa mapenzi wa Kihindi, Raataan Lambiyan, na Wahindi kwa mamilioni wakamjua. Wimbo wenyewe ni wa pole kabisa. Alichokuwa nacho ni uso na hisia. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa nchini ulimwita ukampongeza.

Na mwaka huohuo wa 2021, Januari 8, binti wa California mwenye miaka 17, Olivia Rodrigo, alitoa singo yake ya kwanza, drivers license. Kinanda, sauti, dakika 4 na sekunde 2. Uliingia Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, moja kwa moja kwenye namba 1 na ukakaa hapo wiki 8. Sasa usidanganyike: nyuma yake kulikuwa na lebo ya Geffen, na tamthilia ya Disney ilikuwa imeshamtambulisha kwa vijana wa kwao. Wewe huna hivyo viwili. Lakini jinsi ule wimbo ulivyojengwa, na jinsi watu walivyoachiwa waufanye wa kwao, ni mambo ambayo unaweza kuyachukua bila kumpigia mtu yeyote simu. Ndiyo maana nautumia kufundishia kila mara.

Tafuta sekunde zako 20

Ngoma ya kuchezeka watu wanaichukua ili wacheze. Wimbo wa taratibu wanauchukua ili uwasemee: kuachwa, msiba, mahafali, mama aliye mbali, kazi iliyokwisha ghafla. Kwa hiyo usiniulize kama wimbo wako ni mzuri. Jiulize kama kuna sekunde 15 hadi 20 ndani yake ambazo mtu wa Kahama asiyekujua anaweza kuziweka chini ya picha zake na asihitaji kuongeza neno.

Kwenye drivers license sehemu hiyo haiko mwanzoni wala kwenye kiitikio. Iko baada ya kiitikio cha pili, pale sauti zake zinapoanza kurundikana moja juu ya nyingine na wimbo, ambao mpaka hapo ulikuwa mnyonge, unainuka ghafla. Waliokuwa wakiutumia TikTok walikuwa wakisubiri hapo. Walilala kitandani, walikaa ndani ya gari, wakaimba hicho kipande kwa nguvu zote, basi.

Namna ya kukipata chako ni hii. Rekodi wimbo kwa simu, sauti na ala moja tu, utume WhatsApp kwa watu ambao hawana sababu ya kukusifia. Mama usimtumie. Mchumba usimtumie. Usiulize kama wameupenda, kwa sababu watakujibu "moto sana kaka" na alama tatu za moto, na hutajua lolote. Kesho yake wapigie, uwaombe wakuimbie wanachokikumbuka. Wanachokiimba, hata kama maneno wameyavuruga, ndicho unachokitafuta.

Nilimfanyia hivyo binti mmoja, fundi cherehani wa Igoma. Kiitikio chake kilikuwa kile cha kila mtu: umeniacha, moyo unauma, usiku silali. Hakuna aliyekikumbuka. Walichokumbuka wote ni mstari aliouficha katikati ya ubeti wa pili, kuhusu mtu aliyepanda kivuko kwenda Sengerema:

*Honi ya pili Kamanga, na hujageuka.*

Nikamwambia huo mstari uhame, uwe kilele cha wimbo. Akanibishia.

"Kaka, nje ya Mwanza nani anaijua Kamanga?"

"Na wewe mitaa ya California unaijua?"

Akacheka, tukauhamisha. Asiyeijua Kamanga anajua honi ya chombo kinachoondoka, na anamjua mtu asiyegeuka. Rodrigo naye hakuandika kuhusu mapenzi kwa jumla. Aliandika kuhusu leseni ya udereva, ambayo walikuwa wakiisubiri wote wawili, na sasa ameipata anaendesha peke yake. Kitu kinachoshikika kinampa msikilizaji pa kuanzia, kisha yeye mwenyewe anabadilisha: leseni inakuwa kitambulisho cha chuo, kivuko kinakuwa basi la saa kumi na mbili alfajiri pale Nyegezi.

Ukikuta wimbo wako hauna mstari wa namna hiyo, usiende studio bado. Rudi kuandika. Pesa ya studio haiongezi mstari.

Kurekodi

Hapa nitakuwa mfupi kwa mambo mengi, halafu nichelewe kwenye moja.

Kasi: nyimbo hizi nyingi ziko kati ya mapigo 60 na 80 kwa dakika. Chumba: mablanketi mazito ukutani, feni uizime, na kama paa ni bati, angalia wingu kabla ya kuwasha mashine. Ala: anza na moja. Prodyuza anayekuwekea ngoma, besi, filimbi na sauti za kuitikia kabla hujamaliza ubeti wa kwanza anajionyesha yeye. Wengi watakukasirikia ukiwaambia hivyo, waambie.

Panapostahili muda ni spika ya simu. Karibu kila atakayeusikia wimbo wako mara ya kwanza atausikia kwenye simu ya bei ya chini, imeshikwa mkononi, kwenye kelele. Spika ile haina besi. Kama hisia za wimbo wako zimebebwa na besi, kwenye simu hazipo. Mimi miksi nikishaimaliza kwenye spika kubwa naihamishia kwenye simu ndogo ya kawaida, naiweka juu ya dirisha linaloelekea barabarani, natoka nje. Bodaboda zinapita, jirani anakaanga samaki. Kama bado nasikia kila neno la kile kipande, miksi imekwisha. Kama naisikia kinanda tu na sauti inaelea nyuma, narudi ndani. Sauti ya mwimbaji ikae mbele kuliko unavyodhani inafaa. Mlio wa pumzi kabla ya mstari usiufute. Kwenye wimbo wa taratibu pumzi ni sehemu ya uimbaji.

Usiubane wimbo ili upige kelele kuliko wengine. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kufikia karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiubana sana utashushwa tu, na utakuwa umepoteza ile tofauti kati ya sehemu tulivu na sehemu inayoinuka, ambayo ndiyo mtaji wako wote.

Sekunde ya kwanza nayo iwe na kitu. drivers license inaanza na mlio wa gari, ule wa kukukumbusha kwamba mlango haujafungwa, na mlio huo unageuka kuwa noti ya kinanda. Mtu anajua ni wimbo gani kabla hajasikia neno. Sisi tulikwenda Kamanga na kinasa sauti tukachukua honi yenyewe. Ilibidi tuipandishe kidogo ili ilingane na ufunguo wa wimbo, ikakubali.

Karatasi kabla ya klipu

Najua hapa ndipo mnaporuka. Msiruke.

Kwanza, makubaliano yenu yaandikwe. Nani kaandika mashairi, nani katunga melodi, biti ni ya nani, na rekodi yenyewe ni mali ya nani. Asilimia kwa tarakimu, majina matatu, sahihi, tarehe. Ukurasa mmoja unatosha. Fanyeni kabla wimbo haujapendwa, maana ukishapendwa kila mtu hukumbuka alichochangia, hata aliyeleta chai.

Pili, kwa Tanzania, jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, na haki zako uziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukiwa mkoani anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza. Kenya wenzetu wana KECOBO kwa upande wa hakimiliki.

Tatu, msambazaji wa mtandaoni. DistroKid, TuneCore, Ditto na wengine wa aina hiyo ndio wanaoupeleka wimbo Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na kwenye maktaba za sauti za TikTok na Instagram. Uliza swali moja kabla hujalipa chochote: pesa yangu itanifikiaje Tanzania? Ukijibiwa kwa mafumbo, tafuta mwingine. Pakia faili la WAV, si MP3, na kava la mraba la pikseli 3000 kwa 3000. Jina lako liandike kwa namna moja kila mahali, herufi kwa herufi. Wimbo utapewa namba ya ISRC, yaani utambulisho wa rekodi yako, yenye tarakimu na herufi 12. Iandike mahali, utaihitaji siku mtu mwingine atakapoupakia kama wake.

Weka tarehe ya kutoka wiki 3 au 4 mbele. Sababu ni kwamba Spotify inataka uombe kuwekwa kwenye orodha zao za nyimbo (playlist) angalau siku 7 kabla, kupitia akaunti ya msanii, na akaunti hiyo nayo huchukua muda kuthibitishwa.

Sasa sikiliza hili, maana limewaumiza watu ninaowajua. Ukiposti klipu ya kawaida ukiimba, TikTok inaitengenezea sauti yake peke yake. Watu wakiipenda na kuitumia, wanatumia ile sauti ya klipu, si wimbo wako uliosajiliwa. Inaweza kuzunguka nchi nzima na usipate hata jina. Kwa hiyo sauti rasmi inapoingia kwenye maktaba, kuanzia hapo kila klipu yako iwekwe juu ya sauti hiyo. Na wasambazaji wengi wanakuruhusu kuchagua kipande cha TikTok kianzie sekunde ya ngapi. Ukiacha bila kuchagua, wanaweza kukuwekea mwanzo wa wimbo, na mwanzo wa wimbo wa taratibu ni kinanda tu. Chagua kianze sekunde 2 au 3 kabla ya kile kilele, mtu apate nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuposti

Anza kabla wimbo haujaisha. Rodrigo aliweka Instagram kipande cha drivers license akiwa kwenye kinanda Julai 2020, miezi kadhaa kabla haujatoka, na Dan Nigro aliyeuzalisha alimfahamu kupitia klipu ya wimbo mwingine aliouweka hukohuko. Usiwe na aibu ya kuonyesha kitu kibichi. Klipu ya binti wa Igoma iliyokwenda vizuri kuliko zote ni ile akiwa kwenye cherehani, uzi umekatika, anauingiza tena kwenye sindano huku anaimba ule mstari bila ala. Hatukuipanga. Video ya bei mbaya tuliyorekodi ufukweni, machweo na gauni refu, haikufika popote.

Kipande ni kilekile, mazingira yabadilike. Watu wanaogopa kurudia, wanasema nitawachosha. Atakayechoka ni wewe, kwa sababu wewe unaziona zote. Wengine wataona moja tu, tena kwa bahati.

Maneno yaandike kwenye skrini. Nusu ya daladala ya Buhongwa inaangalia video bila sauti. Mstari mmoja kwa wakati, herufi kubwa, katikati, si chini kabisa ambako maandishi ya TikTok yenyewe yanafunika.

Usiandike "tumia sauti hii twende sawa". Mtu aliyeachwa juzi haambiwi twende sawa. Andika jambo dogo la kweli litakalomfanya naye aandike lake: "Aliondoka Jumanne." Ukipata maoni mazito, yajibu kwa video, ile njia ya kubandika maoni juu ya klipu yako mpya, kisha umuimbie yule mtu mstari mmoja. Hiyo inafanya kazi kuliko tangazo la kulipia. Matangazo ya kulipia sijayakataa, ila usiyaguse mpaka uone klipu moja imekwenda yenyewe. Hapo ndipo unaisukuma hiyohiyo.

Na usihangaike na mastaa. Nenda kwa watu ambao kazi yao ina hisia: wapambaji wa maharusi, wapiga picha wa mahafali pale chuo kikuu cha SAUT, saluni, wanaorekodi sendofu. Hawa kila Jumamosi wana video inayotafuta wimbo. Mpe mmoja sauti mapema, bila masharti.

Kuna jambo jingine lililoutembeza drivers license ambalo sisi tulipaswa kulivumbua kwanza: watu walianza kuandika majibu. Mmoja anaimba upande wa yule kijana aliyeondoka, mwingine upande wa msichana mwingine anayetajwa, mwingine upande wa leseni yenyewe. Jamani, watu waliokulia kwenye mipasho ya taarabu ndio wa kufundishwa majibizano? Siku wimbo unapotoka, weka na biti tupu ya kile kipande, bila sauti yako, na uimbe wewe mwenyewe jibu la kwanza ili watu waone mlango uko wazi. Kwetu jibu alilitoa kijana mmoja wa Sengerema, akidai aligeuka, ila abiria walikuwa wengi. Hilo jibu lilipita wimbo wenyewe kwa siku kadhaa na kila aliyelisikia akaja kutafuta lilikotoka.

Kuhusu kiki

Utashauriwa uzushe. Useme wimbo unamhusu fulani, upige picha na mtu usiyempenda, ulie laivu. drivers license nao ulipotoka watu walichimba usiku kucha ni nani anayeimbwa. Angalia mwenyewe alivyofanya: hakutaja jina. Aliwaacha wachimbe. Ukitaja jina, wimbo unakuwa wa watu wawili na wengine wote wanakuwa watazamaji. Tena ukimzushia mtu anaweza kukupeleka polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Ukiulizwa, jibu "ni mtu aliyepanda kivuko", endelea na kazi.

Ukishika, na usiposhika

Ukishika, usitoe wimbo mwingine wiki hiyo. Hamu itakuwepo na marafiki watakusukuma. Baada ya drivers license, wimbo uliofuata wa Rodrigo ulitoka Aprili 1, na albamu Mei 21. Katikati hapo unatoa sura nyingine za wimbo uleule: na gitaa tupu, ya kasi kidogo, na kwaya ya mtaani kwenu. Kila sura isajiliwe, usiwaachie wengine wapakie kasi yao na kuvuna.

Hesabu za pesa zitakukatisha tamaa, jiandae. Spotify inahesabu msikilizo baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa. Pesa ya karibu iko kwenye harusi na shughuli, kwa hiyo weka namba ya kazi kwenye wasifu wako kabla klipu haijatembea. Namba tofauti na ya nyumbani.

Usiposhika, uache ukae. Usiufute. Love Nwantiti ya CKay wa Nigeria ilitoka 2019, na ni 2021 ndipo TikTok ilipoibeba dunia nzima. Kila ukipata sababu, msimu wa mahafali, Desemba watu wanaposafiri, kirudishe kile kipande.

Na simu ya lebo ikija, itakuja usiku, na mtu atakuwa anaongea haraka. Mwambie akutumie mkataba kwa maandishi. Ukifika, tafuta vitu vitatu: unakufunga miaka mingapi, rekodi inabaki mali ya nani baada ya hapo, na ule wimbo uliokwisha kuutoa wewe mwenyewe unaingizwa humo au haumo. Hicho cha tatu hukaa kurasa za nyuma, kwenye aya ndefu isiyo na kichwa. Mpelekee mwanasheria aisome na hiyo, umlipe, na usitie sahihi siku hiyohiyo.